Je, Wajua? Simu Inayojigeuza PSP

Je, wajua kwamba simu ya Android mkononi mwa kijana wa Birere, mjini Goma, inaweza kuchezesha mchezo wa mpira wa PSP, mashine ya michezo ya mkononi, bila kuwa na kipuri hata kimoja cha PSP? Siri ni emuleta, yaani programu inayoiga mashine nyingine. Mashuhuri kwa michezo ya PSP ni PPSSPP, iliyotolewa na Henrik Rydgård mwaka 2012.

PSP ya Sony, iliyoingia sokoni mwaka 2004, ina prosesa ya MIPS. Simu nyingi zina ARM. Ni kama lugha mbili zisizosikilizana. Emuleta ndiye mkalimani: mchezo ukitoa amri kwa “Ki-MIPS”, yeye huigeuza papo hapo. Kazi hiyo inachosha. Ndiyo maana kwenye simu dhaifu mpira huning’inia hewani, sauti hukatikakatika na betri hupata moto kiganjani.

Ugomvi kuhusu emuleta nao ni wa zamani. Mwaka 1999 kampuni ya Connectix ilitoa programu ya kuchezesha michezo ya PlayStation ya Sony kwenye kompyuta za Macintosh. Sony ikaenda mahakamani. Mwaka 2000 mahakama ya rufaa ya Marekani ikaamua kwamba Connectix ilikuwa na haki ya kunakili programu ya ndani ya PlayStation ili kujifunza inavyofanya kazi. (Kunakili mchezo ambao hukuununua ni kesi tofauti.) Sony iliposhindwa, ilitoa pesa: mwaka 2001 iliinunua programu hiyo, ikaizika.