Mechi Moja ya John Nagenda

Katika kumbukumbu za kriketi, maisha ya John Nagenda kwenye mechi za kimataifa za siku moja yanaenea katika mstari mmoja: mechi 1, ova 9, mikimbio 50 aliyoruhusu, wiketi 1 (mpigaji mmoja aliyemtoa). Ova ni mipira sita, kwa hiyo mrushaji huyo wa Uganda alirusha mipira 54 tu katika ngazi hiyo. Ilikuwa Juni 7, 1975, Birmingham, Uingereza, kwenye Kombe la Dunia la kwanza la wanaume, na Afrika Mashariki ilichapwa na New Zealand mikimbio 309 kwa 128. Kikosi hicho cha wachezaji wa Kenya, Uganda, Tanzania na Zambia kilicheza mechi tatu, kikapoteza zote, na Nagenda hakupangwa tena.

Wepesi wa kuhukumu watasema alijaribiwa, akashindwa. Kwa maoni yangu, mstari ule unatueleza zaidi habari za mlango wa kuingilia ngazi hiyo kuliko za mrushaji. Nagenda alizaliwa 1938. Alipofika Birmingham alikuwa na miaka 37, na miaka yake ya nguvu ilikwishapita kabla Kombe la Dunia halijakuwapo. Utaniambia mikimbio 50 kwa ova 9 ni mingi. Naam, ni mingi kidogo, lakini New Zealand ilikuwa ikivuna zaidi ya mitano kila ova, na Glenn Turner peke yake alipiga 171 bila kutolewa.

Kwetu Unguja, ambako kriketi ilichezwa Mnazi Mmoja enzi za ukoloni, mlango wa namna hii tunaujua kupitia kandanda. Shirikisho la Soka Afrika (CAF) liliipa Zanzibar uanachama Machi 2017, likaufuta Julai mwaka huo huo. Desemba, timu ya Zanzibar, Zanzibar Heroes, waliifunga Kilimanjaro Stars ya Tanzania Bara 2-1, wakaitoa Uganda, wakafika fainali ya Kombe la CECAFA, la Afrika Mashariki na Kati, huko Machakos na kuilazimisha Kenya sare ya 2-2 kabla ya kushindwa kwa penalti. Uwezo haukuondoka na uanachama.

Hoja nzito zaidi dhidi yangu ni kwamba mlango ukifunguliwa si lazima mtu ang'are. Kenya ilipoingia Kombe la Dunia la kriketi peke yake mwaka 1996 iliiangusha West Indies kule Pune, na 2003 ikafika nusu fainali. Lakini 2014 ikapoteza hadhi ya kucheza mechi za kimataifa za siku moja, baada ya miaka ya migogoro ya uongozi. Nakubali. Hata hivyo, Kenya ilipewa muda wa kupanda na kuporomoka. Nagenda alipewa mipira 54.