Mbwa wa majuu hana mkate mkiani!

WASHIKAJI wengi wakisikia mtu kasoma Ulaya wanadhani kule pesa zinaokotwa. Hebu niwape kisa cha mkate mmoja uitwao covrig, ulioniokoa nikiwa mwanafunzi Bucharest, mji mkuu wa Romania.

Kipupwe kimoja pesa ya kujikimu ilichelewa, nikachacha vibaya sana. Kantini sikuthubutu hata kuchungulia. Kilichonipa pumzi ni vile vidirisha vya barabarani wanakouza covrigi zikitoka motoni. Unapewa kwenye karatasi, mvuke unafuka, vidole vinapata joto kabla ya tumbo.

Mkate wenyewe hauna makuu. Ni unga wa ngano, maji, hamira na chumvi. Donge linaviringishwa kama kamba, kisha linaungwa duara au kupindwa kama fundo. Wengine hulichovya kwanza kwenye maji yanayochemka, ndipo wanalinyunyizia ufuta au chumvi ya chenga na kulitia tanuri. Nje unang'aa kahawia, ndani laini. Za mji wa Buzău ndizo zenye sifa hasa. Na mkesha wa Krismasi, watoto wanaopita wakiimba mlango kwa mlango hupewa covrigi na matufaha.

Siku moja rafiki yangu Mromania alinikuta natafuna wa tatu tangu asubuhi. Akaangua kicheko: "Kaka, umefikia covrigi!" Kumbe kwa lugha yao, mtu aliyefilisika kabisa ndivyo anavyosemwa. Nikanywea.

Akaona nimenuna, akanipa msemo mwingine. Nchi ya neema, wao husema, ni kule ambako mbwa wanatembea na covrigi mkiani. Yaani shibe imezidi, mkate unaning'inia na hakuna wa kuugusa!

"Ndugu zangu wameenda Italia na Hispania kuwatafuta hao mbwa," akasema. "Wameishia kubeba zege."

Sikucheka tena. Nilikuwa nimesafiri maelfu ya kilomita kuja kwa watu ambao nao walikuwa wanaota kwingine!

Pesa ilipoingia, nilikwenda kidirishani kwanza. Nikanunua mbili, moja yangu, moja yake.

Kwa hiyo wewe unayetaka kuuza kitanda ili upande ndege, nenda, sikukatazi. Ila yule mbwa usimtegemee. Mimi nimekaa kule, sikumwona.