USINGIZI WA MTOTO HAUJI KWA AMRI

Askari aliyezoea kutoa amri na kuiona ikitekelezwa papo hapo hushangaa anapomwambia mwanawe wa miaka miwili, "Lala!", naye mtoto akainuka, akaomba maji, kisha akaomba hadithi. Baba hudhani ameshindwa na mkaidi. Sivyo hata kidogo. Usingizi hauamrishwi, huandaliwa.

Tatizo hili halichagui makao. Limo katika nyumba za askari mjini Lilongwe, na limo katika kambi ya wakimbizi ya Dzaleka, wilayani Dowa, umbali wa kilomita zaidi ya 40 kutoka mji mkuu huo. Dzaleka, iliyokuwa gereza, ilifunguliwa kuwa kambi mwaka 1994 kwa ajili ya watu wasiozidi 12,000. Leo wakazi wake, wengi wao kutoka Kongo, Burundi na Rwanda, wamepita 50,000. Mahali palipobanana hivyo, kilio cha mtoto mmoja usiku huamsha nyumba kadhaa.

Shirika la Afya Duniani, katika mwongozo wake wa mwaka 2019, lilieleza kwamba mtoto wa mwaka 1 hadi 2 ahitaji kulala saa 11 hadi 14 kwa siku, na wa miaka 3 hadi 4 saa 10 hadi 13, usingizi wa mchana ukiwa umo. Kwa hiyo mzazi anayemzuia mtoto kulala mchana ili usiku alale upesi hujidanganya. Mtoto aliyechoka kupita kiasi hukasirika, huchangamka na kukawia kulala. Yafaa alazwe mara baada ya chakula cha mchana, wala asiachwe alale hadi jioni. Wengi huuacha usingizi huo wenyewe kati ya miaka 3 na 5.

Jioni nayo iwe na utaratibu usiobadilika: chakula, kuoga, haja ndogo, wimbo wa mama kwa lugha ya kwao, kisha chandarua kishushwe. Hata chumba kiwe kimoja, taa yaweza kupunguzwa na simu ikafichwa. Mtoto apewe hiari ndogo, kama vile kuchagua kanga ya kujifunika, lakini saa ya kulala isiwe ya kujadiliwa. Akiinuka, arudishwe kwa upole na kwa maneno machache, kila mara. Mzazi akikaza siku mbili na kulegea siku ya tatu, mtoto hujifunza kwamba kilio kirefu hushinda.

Wahenga walisema, mchelea mwana kulia hulia yeye. Hawakutaja fimbo, walitaja msimamo. Aidha, mtoto anayekoroma mno na kukatika pumzi usingizini apelekwe kwa mganga.

Sasa tujitazame sisi wenyewe. Mara nyingi anayevunja utaratibu ni baba atokaye zamu usiku, akamwamsha mwana ili acheze naye, kisha akalala na kumwachia mama kazi ya kumtuliza. Mapenzi hayo yana gharama. Heri kumpa mtoto saa yake asubuhi. Na aliyekesha lindoni, ajinyoshe kando ya mwanawe wakati wa usingizi wa mchana. Hapo wote wawili watapata haki yao, na nyumba itapata amani.