Wakaliwood: Kampuni iliyouza filamu zake mlango kwa mlango

KIBULI, Kampala

Katika vibanda vya video vya Kampala, kuanzia Kibuli hadi Nateete, filamu ya kigeni haionyeshwi hivi hivi. Huwapo VJ, mtu anayeitafsiri kwa Kiganda huku akitia vichekesho vyake. Watanzania walimjua Lufufu kwa kazi hiyo, na Wakenya wana DJ Afro.

Watazamaji wa aina hiyo ndio waliolengwa na Ramon Film Productions, kampuni aliyoianzisha Isaac Nabwana mwaka 2005 katika mtaa wa Wakaliga, ng'ambo ya pili ya jiji ukitokea Kibuli. Nabwana, aliyewahi kufyatua matofali, aliunganisha majina ya bibi zake wawili, Rachael na Monica, kupata jina Ramon. Ulimwengu unaijua zaidi kama Wakaliwood.

Filamu yake ya mapigano, "Who Killed Captain Alex?", ilitoka mwaka 2010. Inaelezwa kuwa iligharimu chini ya dola 200 za Marekani. Nabwana alijiundia kompyuta ya kuhariria, na bunduki zilitengenezwa kwa vyuma chakavu.

Kazi ngumu ilikuwa kuuza. Kwa kukosa msambazaji, waigizaji wenyewe walipita mlango kwa mlango na DVD, wengine wakiwa wamevaa mavazi ya filamu, na muuzaji alibaki na nusu ya mapato. Walikuwa na takriban wiki moja tu kabla nakala za wizi hazijajaa mitaani. Dar es Salaam, filamu za Bongo zilikuwa na wasambazaji kama Steps Entertainment, lakini nako wizi wa kazi uliwaumiza wasanii.

Umaskini ulileta hasara nyingine. Kompyuta ilipojaa, Nabwana alilazimika kufuta filamu iliyokamilika ili apate nafasi ya kuhariri nyingine. Hivyo "Captain Alex" ya awali ilipotea. Iliyosalia ni nakala yenye sauti ya VJ Emmie, na hiyo ndiyo iliyotazamwa na mamilioni ya watu kupitia YouTube.

Intaneti ilifungua njia. Mwaka 2011 Mmarekani Alan Hofmanis alifunga safari hadi Wakaliga baada ya kuona tangazo la filamu hiyo, kisha akajiunga na kampuni. Mwaka 2015 waliomba mchango wa dola 160 mtandaoni, wakapata zaidi ya dola 13,000. "Bad Black" ilipata tuzo ya watazamaji katika tamasha la Fantastic Fest, Texas, mwaka 2016. "Crazy World" ilionyeshwa Toronto mwaka 2019, na mwaka 2022 kundi hilo lilialikwa kwenye maonyesho ya documenta, Kassel, Ujerumani.

Afrika Mashariki ina vipaji, na watazamaji wake walikuwapo vibandani tangu zamani. Bado inahitaji mtandao wa kuuza filamu kuvuka mipaka na mahali salama pa kuhifadhi nakala zake, ili msanii asilazimike kufuta kazi ya jana apate kufanya ya leo.