Kutengeneza Mishumaa Darasani: Utambi Kwanza, Nta Baadaye

Mwanachuo anayejiandaa kwenda mazoezi ya kufundisha huandika katika andalio lake la somo, mbele ya neno "zana", vitu vinavyopatikana kwa urahisi. Hilo ni jambo jema. Lakini kitu kupatikana kwa urahisi si sawa na kitu hicho kufaa, na mahali pazuri pa kuionea tofauti hiyo ni katika kazi ndogo ya kutengeneza mshumaa. Katika makala haya tunakusudia kueleza jinsi ya kuchagua vifaa vya kazi hiyo, na jinsi uchaguzi wenyewe unavyoweza kuwa somo la sayansi.

Tuanze na kisa. Miaka kadhaa iliyopita tulifuatana na wanachuo wawili kwenda kutazama somo lao katika shule moja ya kata ya Rusimbi, mjini Kigoma-Ujiji. Walikuwa wamejiandaa vyema. Nta walikuwa nayo, safi, ya manjano, iliyotoka katika misitu ya miombo upande wa Uvinza. Ama uzi wa tambi, waliwaambia watoto waje nao kutoka nyumbani. Nyumba nyingi za ufuko ule zinaishi kwa dagaa na migebuka, basi watoto wakaja na uzi uliopo nyumbani: uzi wa kushonea nyavu. Mishumaa kumi na miwili ikatengenezwa, imenyooka na kung'aa. Ilipowashwa, uzi ulijikunja, ukayeyuka, ukafanya tone jeusi kama kichwa cha kiberiti, ukazimika. Hakuna hata mmoja uliowaka.

Darasa likacheka, na mwenzetu aliyekuwa akifundisha akakimbilia ubaoni kuchora mshumaa. Tuliwaomba wasubiri kidogo, wawaulize watoto sababu. Kijana mmoja akasimama, akasema: "Mwalimu, uzi huu ni wa kukaa majini. Haunywi kitu."

Neno hilo, kunywa, lilikuwa na somo zima ndani yake. Wavuvi waliuacha uzi wa pamba wakashika nailoni kwa kuwa pamba hunywa maji ikaoza, na nailoni hainywi. Sifa iliyoifanya nailoni ifae ziwani ndiyo iliyoifanya isifae mshumaani. Kwani utambi ni nini? Watu wengi hudhani kuwa kinachoungua katika mshumaa ni uzi, na nta imewekwa kuusimamisha tu. Sivyo. Joto la mwali huyeyusha nta iliyo karibu. Nta iliyoyeyuka hupanda katika nafasi nyembamba zilizo kati ya nyuzi, kama mafuta ya taa yapandavyo katika utambi wa kibatari. Ikifika juu hugeuka mvuke, na mvuke huo ndio uwakao. Uzi usiokunywa hauleti chakula kwa mwali, na mwali hufa njaa.

Kwa hiyo chagua utambi kwanza. Uwe wa pamba halisi. Usiamini jina la dukani wala weupe wa uzi, maana nyuzi nyingi za kushonea nguo siku hizi si pamba, na hata khanga nyingine si za pamba. Choma ncha ya uzi: pamba huungua ikaacha majivu laini, ikitoa harufu ya karatasi iliyoungua, nailoni na jamaa zake huyeyuka na kuacha tone gumu. Jaribio hili huchukua dakika moja, na wanafunzi wa Darasa la Tano hawalisahau.

Uzi wa pamba ukishapatikana, usisokotwe, usukwe. Wasichana wa darasani hawahitaji kufundishwa kusuka mafungu matatu. Zamani, katika Ulaya, tambi zilikuwa za kusokota, na ilibidi mtu akae na mkasi kukata ncha iliyoungua kila mara, la sivyo mshumaa ulitoa moshi. Mnamo mwaka 1825 Mfaransa Cambacérès alionyesha kuwa utambi wa kusuka hujipinda unapoungua, ncha yake ikatoka nje ya mwali na kuteketea yenyewe. Unene nao ni wa kupima. Utambi mwembamba mno huzama katika dimbwi la nta. Mnene mno hutoa moshi na kumaliza mshumaa upesi. Nta ya nyuki hutaka utambi mnene kuliko nta nyeupe ya dukani. Tengeneza mishumaa mitatu yenye tambi za unene tofauti, uiwashe jioni moja nyumbani kwako kabla ya siku ya somo. Tunasisitiza: kabla ya siku ya somo.

Sasa nta. Mkoa wetu una bahati, kwa kuwa asali hutoka Kibondo, Uvinza na kwingineko, na mahali palipo na asali pana masega. Masega yaliyokwisha kukamuliwa yachemshwe polepole katika maji, yachujwe kwa kitambaa, yaachwe yapoe usiku kucha. Nta itaelea na kuganda juu, na uchafu utabaki chini yake, ukwanguliwe. Ukinunua nta iliyokwisha kusafishwa, vunja kipande. Nta halisi hukatika kwa chembechembe na kunukia asali. Ikiteleza kwa mafuta vidoleni, huenda imechanganywa na shahamu. Mabaki ya mishumaa ya dukani nayo yanafaa, wala si aibu kuyatumia.

Wanafunzi wa Kigoma watauliza, na wana haki: mbona tusitumie mawese, yaliyo tele? Ni swali zuri kuliko mengi yaliyomo vitabuni. Mawese huyeyuka katika joto la nyuzi 35 hivi za Selsiasi, na nta ya nyuki katika nyuzi 62 hadi 64. Mshumaa wa mawese ungelala chini mchana wa jua. Hata hivyo, katika karne ya 19 kampuni ya Price ya London ilitengeneza mishumaa mingi kwa mawese ya Afrika Magharibi: waliyavunja mafuta hayo kwa njia za kikemia, wakakamua sehemu ya majimaji, wakabaki na sehemu ngumu. Kazi hiyo si ya darasani. Lakini mawese yatiwe katika kibakuli na utambi wa pamba, nayo yatawaka kama taa.

Kalibu haina haja ya kununuliwa. Kikonyo cha jani la mpapai ni bomba tayari. Mwanzi uliopasuliwa na kufungwa kamba hufaa pia, ukiloweshwa kwanza ili nta isigande humo. Ziba chini, nyoosha utambi katikati, ufunge juu kwenye chelewa iliyolazwa mdomoni. Nta hunywea inapopoa na kuacha shimo kando ya utambi, basi bakiza kidogo ya kujazia.

Katika kuyeyusha hatuna mzaha. Nta isiwekwe juu ya moto moja kwa moja. Haichemki kama maji, haitoi ishara. Hupata joto kimya kimya mpaka mvuke wake ushike moto. Iwekwe katika kopo, na kopo ndani ya sufuria ya maji. Maji hayawezi kupita joto lake la kuchemka, na hapa kwetu, ziwa likiwa mita 770 hivi juu ya usawa wa bahari, joto hilo ni pungufu kidogo ya nyuzi 100. Nta ikiwaka, funika kwa kifuniko. Usimwagie maji kamwe, kwani yatazama na kugeuka mvuke ghafula, yakirusha nta yenye moto usoni pa watoto. Kumimina ni kazi ya mwalimu mwenyewe. Aliyeungua apozwe kwa maji baridi yatiririkayo, kwa muda mrefu.

Mwishoni mwa mwaka 1860, mwanasayansi Michael Faraday alianza kuwafundisha vijana wa London mihadhara sita, yote juu ya mshumaa mmoja. Jaribio lake moja tulilifanya Rusimbi juma lililofuata, kwa tambi za pamba. Funga madirisha ili upepo wa ziwani usiingie. Zima mshumaa kwa upole. Uzi wa moshi mweupe utapanda. Sogeza kijiti chenye moto katika moshi huo, sentimita mbili tatu juu ya utambi, bila kuugusa. Mwali utashuka kwa kuruka na kuuwasha mshumaa tena. Kijana yule wa uzi wa nyavu alitaka kulirudia mara nne, na mara ya nne alitangulia kuwaeleza wenzake kinachoungua.