Breka Ikiruka, Ulizeni Imeruka Lini

Malalamiko ni yale yale kila ninakopita, iwe Chanika au Mbagala: “Sola yangu haina shida, ila breka inaruka.” Na dawa ya mafundi wetu wa mitaani nayo ni ile ile: toa breka ya ampea 20, weka ya 40, au hata ya 63, taa ziwake, watu walale. Kweli taa zinawaka. Lakini tuulizane, ile breka iliyotolewa ilikuwa na kosa gani?

Watu wengi hudhani breka imewekwa kulinda televisheni au friji. La hasha. Kwanza kabisa breka hulinda waya. Waya wa shaba wa milimita za mraba 2.5, ambao ndio tuuonao sana kwenye soketi za majumbani, kwa kawaida hupewa breka ya ampea 20. Ukiupitishia ampea 40 kwa muda mrefu utapata joto, ngozi yake ya plastiki italainika, na kumbuka waya huo umelala juu ya dari, penye mbao kavu na vumbi la miaka mingi. Breka ya 40 haitaona ubaya wowote, maana kwake hicho ni kiwango halali. Kwa hiyo fundi aliyekuwekea breka kubwa kwenye waya mdogo hakutengeneza kitu. Amemfukuza mlinzi wa usiku kwa sababu anapiga filimbi.

Lakini ziko nyumba ambazo breka ni ndogo kweli, na hapo ndipo sola inapowachanganya hata mafundi waliozoea umeme wa TANESCO. Chukua inveta ya wati 1,000 inayofanya kazi kwa nguvu zake zote. Upande wa nyumba, wenye volti 230, inatoa ampea nne na kidogo. Upande wa betri ya volti 12, wati hizo hizo zinataka ampea 83, na ukiongeza nguvu inayopotea ndani ya inveta yenyewe, unapita 90. Ndiyo sababu waya wa betri hutakiwa kuwa mnene na mfupi. Breka ya ampea 40 ikiwekwa hapo itaruka mara kwa mara, tena kwa haki. Ibadilisheni, lakini tazameni waya kwanza.

Kisha kuna aina ya breka, na hili ndilo linalonitia hofu zaidi. Umeme wa TANESCO hugeuka-geuka mwelekeo, na katika kugeuka huko hupita kwenye sifuri mara 100 kila sekunde. Breka inapofunguka, cheche hupata nafasi ya kufa. Umeme wa paneli na betri hauna sifuri hiyo. Unasukuma upande mmoja tu, na cheche inaweza kuendelea kuwaka ndani ya breka kama moto wa fundi wa kuchomelea madirisha. Basi breka ya upande huo lazima iwe imeandikwa herufi DC, na volti zake zisipungue jumla ya volti za paneli zilizounganishwa mfululizo. Nyingine zina alama za jumlisha na kutoa. Zikifungwa kinyume, zinaweza kushindwa kuzima cheche siku ya shida. Kwenye rafu ya duka zote zinafanana, na muuzaji mwenye haraka atakwambia breka ni breka. Soma ubavuni kabla ya kulipa.

Sasa, imeruka lini? Ikiruka papo hapo unapoiinua, na vyombo vyote umevichomoa, kuna shoti kwenye waya, usiilazimishe. Ikiruka friji au pampu inapoanza kunguruma, mota inavuta mkondo mara kadhaa ya ule wa kawaida kwa muda mfupi. Ikiruka unapounganisha inveta na betri tu, ni inveta inayojijaza kwa pupa, na fundi anayejua kazi ana njia ya kuijaza polepole. Ikiruka baada ya nusu saa, hasa mchana, fikirieni joto. Ndani ya breka nyingi kuna kipande cha chuma kinachojipinda kikipata moto, nacho hakijui kama moto huo umetoka kwenye mkondo, kwenye skrubu iliyolegea, au kwenye boksi lililotundikwa ukuta wa bati saa saba za mchana.

Jirani yangu mmoja, breka yake ilikuwa inaruka siku za mvua tu. Ilikuwa taa ya nje, inaingiza maji.

Wewe mwenye nyumba, kazi yako ni hiyo ya kuchomoa vyombo na kuchomeka kimoja kimoja hadi umpate mkorofi. Skrubu na waya mwachie fundi, kwani paneli hazizimiki maadamu jua linawaka. Hata breka ikiwa chini, waya wa kutoka paani bado una umeme mpaka paneli zifunikwe au giza liingie. Mafundi wa umeme hupewa leseni na EWURA, mwombe akuonyeshe yake. Na akianza kwa kukuuliza unataka breka ya ampea ngapi kabla hajatazama waya, mpe nauli arudi alikotoka.