Mwanafunzi wa Pwani na Siku Mbili za Kihoto

Iko dhana iliyoota mizizi katika majumba yetu ya Mombasa, Malindi na Lamu, kwamba kijana aliyepelekwa bara kusoma hana haki ya kutembea. Mzazi amelipa karo, kwa hiyo Jumamosi na Jumapili za mwanawe ni mali ya vitabu. Akisikia kwamba kijana alionekana juu ya baiskeli, au uwanjani akicheza mpira, huguna na kusema, "Fedha zangu zinapotea." Nina neno juu ya dhana hiyo, nalo nimelitoa Naivasha, katika mtaa wa Kihoto, mwezi wa Novemba 2025.

Kijana wa ndugu yangu anasoma huko mambo ya wanyama wa porini. Nilipanda gari moshi hadi Nairobi, kisha matatu ikanishusha Bonde la Ufa. Kijana alinipokea, akanibusu mkono, na neno lake la kwanza likawa, "Ami, vaa koti." Naivasha iko karibu mita 1,900 juu ya bahari, na baridi yake haimwonei haya mtu wa Pwani.

Kihoto ni mtaa wa watu wa kazi ulio upande wa ziwa. Humo wanakaa vibarua wa mashamba ya maua, wavuvi, waendeshaji wa boda boda na wachuuzi, watu wa makabila mengi. Jina lenyewe ni la Kikuyu, na maana yake ni haki, au hoja iliyo wazi isiyoweza kupingwa. Msomaji aliweke jina hilo akilini, maana tutalirudia.

Watoto wa mtaa huo wanajua magari kuliko hesabu. Mashindano ya Safari yaliporudi katika ubingwa wa dunia mwaka wa 2021, makao yake yaliwekwa Naivasha, na aliyeshinda mwaka huo alikuwa Mfaransa Sébastien Ogier. Wanamtaja kama sisi utotoni tulivyomtaja Shekhar Mehta, aliyeshinda mara nne mfululizo tangu 1979 hadi 1982.

Jumamosi asubuhi tulikodi baiskeli langoni mwa mbuga ya Hell's Gate, yaani Lango la Jahanamu. Nilimwambia kijana kwamba umri wangu wote nimeomba niepushwe na lango hilo, naye ananipeleka mchana kweupe! Akacheka, akanieleza kwamba mbuga hiyo ilitangazwa mwaka wa 1984, na ni katika mbuga chache za Kenya ambamo mtu huruhusiwa kupita kwa miguu au kwa baiskeli kati ya punda milia, twiga na nyati. Mna minara ya mawe iliyoachwa na volkano, na mvuke unafuka ardhini kama chungu kilichofunikwa vibaya. Huko Olkaria mvuke huo unazalisha umeme tangu 1981, na huenda taa ya msomaji wangu wa Mombasa inawaka kwa moto wa Lango la Jahanamu.

Liko pia korongo ambalo watalii hupenda kushuka. Kijana alitazama mawingu, akakataa tusishuke. Mwezi wa Septemba 2019 maji ya mvua yaliingia humo ghafla yakawachukua watu waliokuwa wakitembea, wakafa. Nilifurahi kuliko kama ningeshuka, maana nilijua kwamba anachosomeshwa darasani kimemfika.

Mchana tulikula perege wa ziwani, wa kukaangwa, kwa ugali na sukuma wiki, katika hoteli ndogo ya Mwislamu mwenzetu. Nazi haikuwako, lakini njaa ya baiskeli haiulizi nazi. Hapo nikapata habari ya kamba wa ziwa hilo, ambao asili yao ni Marekani. Walitiwa ziwani mwaka wa 1970 ili wavuliwe na kuuzwa, wakazaana, wakayala majani ya majini hata sehemu kubwa za ziwa zikabaki tupu. "Wale, Ami," akasema kijana, "ni wageni wasiojua adabu ya nyumba."

Jumapili ilikuwa siku ya mpira. Kijana huchezea timu ambayo wachezaji wake wengi ni vijana wa Kihoto. Lakini mpira haukuchezwa. Ziwa lilikuwa limepanda na kuingia mtaani, kama lilivyofanya mwaka wa 2020, na mara hii mamia ya nyumba yalikuwa majini. Mashua ambazo siku za kawaida hupeleka watalii kutazama viboko zilikuwa zikipita baina ya nyumba na nyumba, zimebeba magodoro na masufuria. Timu ilikunja suruali ikaingia kazini, na mwanetu alikuwa miongoni mwao, akihamisha kabati la watu ambao miaka miwili nyuma hakuwajua.

Mimi nilikaa pakavu na wazee. Ziwa hili, walisema, lina tabia ya kushuka na kupanda. Miaka ya 2009 na 2010 lilipungua sana. Kazi za mashamba ya maua zilileta watu, na watu wakahitaji mahali pa kulala, wakajenga karibu na maji. Sasa mvua zimezidi na ziwa limerudi. Mzee mmoja aliniuliza, "Mwenye haki ni nani, ziwa linalodai pake, au mtu aliyelipa fedha zake akapewa karatasi?" Swali kama hilo kuulizwa katika mtaa unaoitwa Kihoto! Wazee wote walinyamaza, nami nikanyamaza nao.

Alasiri vijana walitoka majini wametapakaa tope. Mama mmoja ambaye nyumba yake ilikuwa na maji hadi madirishani aliwamiminia chai chini ya turubai, na alipofika kwa kijana wetu alimwita "mwanangu." Tangu hapo ule msemo wetu, mgeni njoo mwenyeji apone, nimeuona kwa macho.

Kitabu kina haki yake, na mtihani hauna huruma. Lakini kijana asiyetoka chumbani hukaa bara miaka minne akarudi Pwani na cheti, bila kumjua mtu hata mmoja wa kumlilia wala wa kumwombea. Basi, mzazi mwenzangu, ukimpigia mwanao simu Jumatatu, usimwulize alama zake tu. Mwulize pia jirani yake ni nani, na kama usiku huo amelala pakavu.